Nyuzi Themanini na Saba

Miaka kumi na tisa niliingia ukumbi namba nne
na chaki mfukoni, na maji yangu yamekwisha kuchemka kichwani:
nyuzi mia moja. Andikeni.
Wakaandika. Kofia za sufi mia na ishirini zikainama,
nami nimewapa mgongo, nazungumza na ubao
ambao haujawahi kuniuliza swali.

Hapa ni Oruro. Hewa ni haba kama mshahara.
Mgeni akipanda ngazi mbili hutafuta pa kukaa.
Nilijua, jamani, nilijua:
sura ya kumi na moja inaeleza kanieneo na mwinuko.
Ila hatukuwahi kufika sura ya kumi na moja.

Usiku mmoja wa Mei, blanketi magotini,
nasahihisha ripoti za maabara.
Mia. Mia. Mia.
Kundi la tisa: mia na nukta mbili,
uongo uliovishwa desimali ili upendeze.
Kisha karatasi ya Ponciano Huarachi,
imefutwa hadi ikatoboka, mia imekaa juu ya kidonda.
Nikaiinua kwenye taa.
Chini yake, kaburi la namba nyingine.

Nikamwita. Uliona nini?
"Themanini na saba, Profesa."
Mbona ukaandika mia?
"Nilidhani kipimajoto ni kibovu.
Au mimi."

Au mimi.
Neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba.

Jumatatu nikaja bila chaki.
Sufuria, jiko la gesi, kadi za rangi tatu.
Kabla ya kuwasha moto: mnabashiri nini?
Halafu nikajifunza kazi ngumu kuliko kufundisha,
kunyamaza hadi kumi.
Siku ya kwanza nilifika nne, ulimi ukaniwasha.
Siku ya pili, sita.
Kadi zikapanda, nyekundu tupu, mia, mia,
na buluu moja nyuma kabisa, imeinuliwa nusu,
kama mtu anayesimamisha basi asilo na nauli yake.

Mgeukie jirani yako, nikasema. Mbishie.
Ukumbi ukalipuka. Mkuu wa kitivo akachungulia:
"Hapa ni chuo au mnada?"
Sikumjibu, nilikuwa nasikiliza
Eusebia Colque, asiyefungua mdomo tangu Februari:
"Mama huuza supu sokoni.
Bila sufuria ya presha maharage yanamaliza gesi
na bado ni mawe.
Shangazi yangu yuko Santa Cruz, bondeni,
yeye hupika yakaiva mara moja.
Maji ya kwetu yanachemka, ndiyo,
lakini hayana hasira."

Nilikuwa na mlinganyo wa jambo hilo.
Nikaufungia mdomoni mpaka Alhamisi.

Tukapima. Mapovu yakaja, zebaki ikasimama,
ikakataa kupanda hata tulipoongeza moto.
Vijana watatu wakashikilia kwamba vipimajoto vimechoka;
tukavitumbukiza kwenye barafu, vyote vikasema sifuri,
wawili wakakubali. Wa tatu bado ananitazama
kama muuza dawa za miujiza.

Nisiwadanganye: tuko nyuma sura mbili.
Kwenye mtihani, thelathini na mmoja waliandika mia,
na mmoja aliniandikia barua,
kwamba baba yake, mchimba bati,
halipi karo ili wanafunzi wafundishane.
Barua hiyo iko mezani. Sijapata la kumjibu.

Leo nyumbani nimeteleka birika la chai.
Nikakumbuka: mikono yangu hii,
miaka yote hii, haijawahi kupima.
Nikachukua kipimajoto cha chuo kutoka mkobani,
nikangoja mapovu, nikainama na miwani yenye ukungu.

Themanini na sita na nusu.

Sijui hiyo nusu imekwenda wapi.
Kesho nitawauliza,
na nitahesabu hadi kumi.